Lenzi Ndefu na Mkwe wa Wankuru

Rhobi na Neema, mmeniomba mara nyingi niwaeleze namna ya kuchagua kamera ya kusafiri nayo. Nimewaeleza kwa mdomo mpaka nimechoka, maana mkinisikiliza huwa mnaangalia simu. Kwa hiyo nimekaa chini nimeandika. Shule yangu iliishia darasa la nne na herufi zangu zinapanda na kushuka kama barabara ya kwenda Kemambo, lakini majina ya watu sijasahau hata moja, na kazi yetu ni watu. Sasa kwa kuwa nimewaachia kibanda cha picha cha Nyamisangura pamoja na funguo zake na panya wake, someni.

Aliyenifundisha kazi ni Salehe, mtu wa Ujiji. Alikuja Kerende kutafuta dhahabu, akaona mashimo yana giza na wenzake wanataka picha za kutuma nyumbani kuonyesha kwamba bado wako hai. Akafunga turubai, akaanza kupiga picha. Mimi nilikuwa nauza uji jirani yake. Siku aliyonishikisha kamera mara ya kwanza hakunionyesha hata kitufe kimoja. Alinivisha mkanda shingoni akasema, "Mama Chacha, nenda nayo mpaka mtoni, kisha urudi. Usipige picha."

Nikaenda, nikarudi shingo inauma.

"Umeijua sasa?"

"Nimejua uzito wake."

"Basi. Hayo mengine yameandikwa kwenye kitabu chake."

Kitabu chenyewe kilikuwa cha Kijapani, kwa hiyo hayo mengine ilibidi anifundishe yeye tu.

Salehe alikuwa na koti moja la kijivu lililoning'inia kwenye nguzo ya turubai. Mchimbaji anatoka shimoni na tope lake, ananawa uso, anavaa koti, anapigwa picha kuanzia kiunoni kwenda juu. Koti hilo alilivaa Masanja wa Kahama, alilivaa Yohana wa Kasulu, alilivaa Hamisi wa Singida. Mtu angezikusanya picha zote angedhani Kerende ilikuwa ukoo mmoja wenye fundi mmoja wa nguo. Hamisi alikuwa mfupi, na Salehe akamsimamisha juu ya ndoo. Baadaye mke wa Hamisi alimfuata huku, akashuka kwenye gari akampita mumewe akiendelea kumtafuta yule mrefu wa kwenye picha. Salehe alicheka, lakini ndoo ile hakuitumia tena.

Enzi hizo tulikuwa tunatumia filamu, na tulizipeleka Musoma kusafishwa. Ilikuja siku mashine ya kusafisha ikafa, na aliyekuwa anaitengeneza akasema vipuri havipo tena duniani. Salehe alikuwa ameshazeeka. Akarudi kwao Ujiji na kamera yake, akaniachia turubai na koti, na mimi nikabaki mpiga picha asiye na kamera, cheo ambacho siwatakii.

Hapo ndipo niliposikia habari za kamera kubwa za dijitali, zile za kubadilisha lenzi ambazo ninyi mnaziita DSLR. Nikaenda Sirari. Upande wa pili wa mpaka, Kenya, kulikuwa na muuzaji aliyeitwa Kevo, anauza zilizotumika. Alinipokea vizuri sana, na mtu akikupokea vizuri hivyo shika kikapu chako.

"Mathe, karibu. Hii mashini ni moto. Iko na lenzi refu, unapiga simba akiwa kwake na wewe ukiwa kwako. Ukivuta, unaona mpaka chawa ya nyani."

"Na hii lenzi fupi ni ya nini?"

"Hiyo inakujanga tu na kamera, mathe. Ni ya kuanzia. Utaitupa."

Kamera iliyotumika inakaguliwa hivi, na hapa Neema acha simu. Fungua lenzi, ielekeze kwenye mwanga, uchungulie ndani. Ukiona kitu kama utando wa buibui, huo ni ukungu, rudisha hata kama unapewa bure, maana utahamia kwenye lenzi nyingine. Kisha piga picha ya ukuta mweupe. Ukiona madoa meusi yanayokaa mahali pale pale kila picha, ndani mna vumbi. Hilo linasafishika, lakini muuzaji asijue kwamba unajua. Uliza imepiga picha ngapi tangu ilipozaliwa, kwa sababu mlango wake wa ndani, ule unaofunguka kila ukibonyeza, unachoka kama goti. Tazama betri imelala sawa au imevimba tumbo. Na hayo maneno ya megapikseli, mwache ayaseme mpaka amalize. Picha zetu kubwa kabisa ni za kuning'iniza sebuleni, na sebule za Tarime mnazijua.

Nilipomaliza nikamwambia Kevo nataka kutembea nayo.

"Unatembea unaenda wapi, mathe?"

"Mpaka pale kwenye mahindi ya kuchoma, nirudi."

"Na ukipotea?"

"Mura, kijana wangu, nipotee niende wapi na kikapu changu kiko kwako?"

Nikatembea nayo. Ilikuwa nzito kuliko ya Salehe, lakini mkono uliishika vizuri, kidole kikafika kwenye kitufe bila kutafuta. Kama vidole vyako vinatafuta, simba ameshaondoka, na bibi harusi ameshafumba macho. Nikaichukua pamoja na lenzi zote mbili, ile ndefu kwa heshima na ile fupi kwa kuwa ilikuwa imo.

Vitu vingine vya safari vilijileta vyenyewe. Betri ya pili nilinunua baada ya ya kwanza kunizimikia Mugumu, mbele ya mkuu wa shule aliyekuwa ameshatabasamu. Kadi ndogo mbili ni bora kuliko moja kubwa, kwa sababu kadi ikifa inakufa na wote waliomo. Usibadilishe lenzi kwenye upepo. Geuka, uinamie kamera kama mtu anayewasha kiberiti, mdomo wake uangalie chini. Mpira wa kupulizia vumbi unao, utumie. Usipulize kwa mdomo, utaongeza mate. Nailoni moja ya mvua. Stendi ya miguu mitatu niliibeba safari moja, nikairudisha nyumbani, mpaka leo kuku wanalalia.

Badala ya stendi nilishona kifuko cha kitenge nikakijaza maharage. Unakiweka kwenye dirisha la gari, au juu ya jiwe, unalaza lenzi hapo, haitikisiki. Na begi la kamera sikununua kamwe. Lile begi jeusi linamwambia kila mtu kilichomo. Mimi nilitumia kikapu, chini khanga, katikati kamera, juu viazi vitamu. Hakuna aliyewahi kuniibia viazi.

Safari yangu ya kwanza kubwa na kamera hiyo ilikuwa ya kwaya kwenda kuona wanyama Serengeti. Kiongozi wao, Mwalimu Elias, alinichukua ili kila mwanakwaya apate simba wake. Simba tulimpata, amelala mbali kwenye jiwe. Wenye simu walipiga jiwe. Mimi nikaweka maharage dirishani, nikavuta na lenzi ndefu, nikampata na masharubu. Jioni gari likakwama kwenye tope na tukala maharage ya stendi, na Mwalimu Elias alisema hajawahi kuona vifaa vya kazi vitamu namna ile. Tangu siku hiyo nikaota kiburi cha lenzi ndefu. Lenzi fupi nikaiacha kibandani, ikawa inazuia karatasi zisipeperuke.

Sasa nifike kwa Wankuru.

Wankuru ni rika langu, tumekua pamoja, ndiyo maana yeye huniita Bhoke, si Mama Chacha, na amekaa Kemambo maisha yake yote. Binti yake Nyangi ameolewa na Mwita, dereva wa kambi ya watalii huko wilaya ya Serengeti. Neema, wewe ni wa Dodoma, labda hili hulijui. Kwetu Wakurya mama na mume wa binti yake wana heshima kubwa baina yao. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawasimami karibu. Wakikutana njiani mmoja anapinda njia. Mwita akija kusalimia, anaamkia kutoka nje ya uzio, na Wankuru anaitikia akiangalia chini. Si ugomvi. Wakwe wanaogombana ndio wanaokaribiana.

Siku ya harusi yao mpiga picha alitoka mjini, kijana mzuri tu, lakini hakuuliza. Akawa anasema kama wote mnavyosema, "Sogeeni, sogeeni, mama mkumbatie mkwe." Wankuru akajitupa kwenye migomba. Mwita akakimbilia upande wa mahindi. Kwenye picha ya familia ya harusi ile anaonekana Nyangi peke yake, na kushoto kwake kisigino.

Miaka ikapita, wakazaa watoto wanne, na Wankuru hakuwahi kupata picha moja yenye watu wake wote. Akiwemo yeye, Mwita hayumo. Akiwemo Mwita, yeye yuko jikoni. Halafu Mwita akahamishiwa kambi nyingine, kusini kabisa, mbele ya Iringa. Nyangi na watoto wanakwenda naye. Wankuru akanipigia simu mwenyewe.

"Bhoke, wanapita kwangu kuaga na mchana gari lao linaondoka. Nataka wote kwenye karatasi moja. Na mimi nikiwemo. Na nisije nikaaibika. Unaweza?"

Nikamwambia mimi nimepiga simba akiwa kwake.

Nikaenda na kikapu changu na lenzi ndefu. Nilikuta familia yote uani, na shemeji yake Wankuru, Mzee Marwa, amekaa kwenye kiti cha uvivu kuangalia kwamba mambo yanakwenda inavyotakiwa. Nikamweka Wankuru kwenye kigoda mwisho wa kulia, Nyangi na watoto katikati, na Mwita mwisho wa kushoto kabisa, karibu na uzio. Nikachungulia. Nikaona goti la Nyangi.

Lenzi ndefu haijui kuangalia karibu. Ili wote waingie ilibidi nirudi nyuma. Nikarudi mpaka kwenye ghala, bado. Nikatoka nje ya uzio, nikavuka barabara, nikapanda mwinuko wa upande wa pili mpaka kwenye mawe ya Mzee Keraryo. Huko wakaingia wote, lakini uwanja ulikuwa mpana mno na katikati kulikuwa na nafasi ya kujenga shule. Sauti haifiki. Nikampigia Nyangi simu.

"Nyangi, mwambie mumeo akae nyuma, si pembeni."

"Nyuma wapi, mama?"

"Nyuma kabisa, kwenye zizi. Mama yako abaki mbele."

Nikamsikia anampelekea maneno, na Mwita anajibu, "Mwambie Mama Chacha nikirudi nyuma zaidi ya hapa nitakuwa nimeshafika Iringa."

Wote wakacheka, hata mtoto wa mgongoni. Pale pale nikabonyeza. Maharage juu ya jiwe, tundu la mwanga nimelibana ili wa mbele na wa nyuma wote wasomeke. Nikaangalia kwenye kioo: wamo, wote saba, hakuna aliyefumba. Nikateremka mwinuko nikijisikia Salehe mzima.

Wankuru akachukua kamera. Akaangalia. Akavuta khanga akajifunika mpaka puani.

"Bhoke. Huyu ni nani begani kwangu?"

Alikuwa Mwita. Hapa ndipo kiburi changu kilipolipwa. Lenzi ndefu ukiitumia kwa mbali inakunja nchi. Aliye mbele na aliye nyuma sana inawabandika pamoja kama mihuri. Mwita alikuwa zizini, umbali wa kumwita mtu kwa kelele, lakini kwenye picha alikuwa amesimama nyuma ya mama mkwe wake, kidevu juu ya bega lake, anacheka sikioni mwake.

Mzee Marwa akaomba kuona. Akakaa nayo muda mrefu, akairudisha kwa mikono miwili kama kitu cha moto.

"Mama Chacha, wewe ni mtu mzima."

"Mzee, alikuwa zizini. Umemwona kwa macho yako."

"Mimi nimemwona. Wageni watakaoiona ukutani watakuwa wameliona zizi?"

Wankuru alikuwa ameshainuka anapanga vyombo ambavyo vilikuwa vimepangwa. Alisema tu, "Basi. Labda haikuandikwa," kwa sauti ile ya mtu anayejiambia maneno kabla hayajamwuma. Gari la kina Mwita lilikuwa limeshafunguliwa milango, magodoro yako juu.

Ndipo nikakumbuka ile iliyokuwa inazuia karatasi. Nikakupigia simu wewe, Rhobi. Ulikuja na bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope, ukanikabidhi lenzi fupi ukasema mbele ya watu, "Mama Chacha, si ulisema hii ni ya kutupa?" Niliyasikia, na nilinyamaza kwa sababu ulikuwa umeshika lenzi.

Nikageuka, nikainamia kamera, nikabadilisha. Lenzi fupi ndiyo pana. Inafungua mikono kama mtu anayepokea wageni wengi. Safari hii sikutoka hata uani. Nikamweka Wankuru tena kwenye kigoda, karibu na mimi upande wa kulia, Nyangi na watoto wamejipanga kwenda nyuma kwa mshazari, na Mwita mwisho wao upande wa kushoto, mlangoni mwa uzio. Lenzi hii yenyewe inatawanya. Walioachana hatua kadhaa inawatenganisha kwa shamba zima. Wankuru alitokea mkubwa kama malkia, na Mwita alikuwa mdogo kama nguzo ya uzio iliyovaa shati. Ndama mmoja akapita katikati, nikamwacha.

Mzee Marwa akaangalia. Uso wake ukalegea.

"Hii ndiyo picha ya watu," akasema. "Hapa kuna heshima. Hapa hata ng'ombe anapita."

Wankuru akashusha khanga. Akawahesabu kwa kidole bila kugusa kioo, akamaliza, akarudia. Nyangi akaanza kulia, na nikamwambia alie haraka maana kadi ina nafasi.

Kwa hiyo shikeni hili. Mkinunua kamera ya safari, muuzaji atawauzia simba, kwa sababu kila mtu akisikia Serengeti anawaza simba. Nunueni lenzi ndefu, sawa, haina ubaya. Lakini kabla ya kuchagua jiulizeni mtapiga nini mkifika, na watu wa huko wanasimamaje. Lenzi pana ikae kwenye kamera, ndefu ikae kikapuni, msifanye kama mimi. Na neno "sogeeni" lisitoke mdomoni mwenu mpaka mmeuliza nani ni nani wa nani.

Nilikuwa nafunga kikapu Wankuru aliponiita jikoni. Aliinama kwenye moto, akausogeza ukuni ambao ulikuwa unawaka vizuri.

"Ile ya kwanza. Ile mbaya. Umeshaifuta?"

"Bado."

"Imo humo humo?"

"Imo."

Akachungulia mlangoni. Kisha akauliza, "Bhoke, kuangalia picha ya mtu ni kumwangalia mtu?"

Waliotuwekea heshima hii walikuwa hawajaiona kamera. Nikamwambia mimi sijui, labda tumwulize Marwa.

"Marwa mwache apumzike."

Nikawasha. Nikaitafuta picha ya mawe ya Mzee Keraryo, nikabonyeza kitufe cha kukuza, nikamvuta Mwita mpaka uso wake ukajaa kwenye kioo, nikampa Wankuru kamera. Miaka yote hiyo mkwe wake alikuwa sauti nyuma ya uzio na jozi ya viatu. Viatu vyake alivijua vyote, hata vile vya zamani vya kahawia. Uso hakuwahi kuutazama.

Aliutazama sasa. Mwita alikuwa anacheka utani wake mwenyewe wa Iringa, kichwa kimeinama kidogo.

"Ana mwanya," akasema.

"Anao."

"Kumbe watoto wameutoa huko. Mimi nilikuwa namlaumu marehemu mume wangu, maana dada yake alikuwa nao." Akasogeza kioo karibu na macho. "Ni mpole huyu."

"Ni mpole."

Nje gari likawashwa. Tukasikia hatua zinakuja mpaka uzioni na kusimama pale zinaposimama siku zote, na Mwita akaita, "Mama, sisi tunaondoka. Ubaki salama."

Wankuru hakuangalia chini. Aliushika uso ule kwa mikono miwili, kwenye kioo kisichozidi kiganja, akaujibu.

"Nendeni salama, baba. Nitunzie watu wangu."